Sola ya nyumbani Lamu: maswali ninayoulizwa barazani

Mimi si fundi. Ni mwenye nyumba mtaa wa Langoni niliyefunga sola mara mbili: ya kwanza nilikosea, ya pili nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Tangu hapo karatasi za makadirio za majirani hupitia kwangu kabla ya kulipwa, na maswali yamekuwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Aliyeko Malindi atayaona yanamfaa pia, isipokuwa yale ya punda na ngazi.

Stima si ipo? Ya nini kuhangaika na sola?

Zamani mji huu ulitegemea jenereta za dizeli. Sasa umeme wa gridi unatufikia kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na njia ndefu namna hiyo ina pengi pa kuharibikia. Ikiwa una taa tatu na feni moja, na ikizimika huoni taabu, baki na tokeni zako. Pesa ya sola itakufaa zaidi kwengine. Ukiwa na friji ya samaki, vyumba vya wageni, au mzazi mgonjwa asiyeweza kulala bila feni, hesabu hubadilika. Na kwa aliye kijiji ambacho nguzo hazijafika, hili si swali.

Ninunue paneli za kampuni gani?

Kila mtu huanza hapa, nami humrudisha nyuma: tafuta fundi kwanza. Paneli ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mfumo. Haina kinachozunguka wala kinachosagika, na zilizo nzuri huja na dhamana ya miaka 25 kwamba nguvu yake haitashuka chini ya kiwango kilichoandikwa. Sola za hapa huuawa na bolti iliyooza, waya uliolegea, betri inayonyonywa hadi tone la mwisho kila usiku, na fundi asiyepokea simu.

Sola yangu ya kwanza ilikuwa na paneli nzuri kabisa. Aliyeifunga alitumia bolti za chuma cha kawaida zilizong'arishwa zikafanana na fedha, hakuweka breka, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, upande wa paneli, na ilipofika kusi ya pili fremu moja ilikuwa ikigonga juu ya paa kama mlango usio na komeo. Nilimpigia simu wiki tatu. Paneli zile zile ziko juu hadi leo. Vingine vyote vilibadilishwa, na mara ya pili nililipa zaidi ya mara ya kwanza.

Nitamjuaje fundi wa kweli?

Kwa sheria ya Kenya anayefunga sola anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA. Kanuni za mwaka 2012 ziliwapanga mafundi katika madaraja matatu. T1 ni wa mfumo mdogo wa betri moja, hadi wati 100: taa na kuchaji simu. T2 ni wa mifumo ya kati, yenye betri kadhaa na pengine inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama wa ukutani. T3 ndiye wa mifumo mikubwa, ikiwemo inayoungana na stima ya gridi. Basi kwa nyumba yenye friji, pampu na stima ya KPLC, kampuni ya umeme, muulize bila haya: "Fundi, leseni yako ni daraja gani?" Akuoneshe, uangalie jina na tarehe. Asiyekuwa na cha kuficha hachukii.

Leseni lakini haipandi juu ya paa. Mwambie akupeleke nyumba aliyoifunga miaka mitatu iliyopita. Ya mwezi jana kila fundi anayo nzuri. Panda, angalia bolti, angalia waya zilivyofungwa, kisha zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa chini.

Jambo la mwisho huniambia mengi kuliko yote: sikiliza anavyouliza. Fundi anayekutajia bei kabla hajajua kama una friji anakuuzia mzigo alionao dukani.

Fundi wa Mombasa kanipa bei nafuu kuliko wa hapa. Nimchukue?

Muulize kama bei hiyo imehesabu boti ya Mokowe, wapagazi, malazi yake, na safari ya pili. Ya pili ndiyo muhimu. Kila mfumo huhitaji kurudiwa, hata ukifungwa vizuri: breka inaruka, inverta inaonesha namba isiyoeleweka, nati inahitaji kukazwa. Wa hapa utamkuta sokoni.

Kuna wanaonunua vifaa Mombasa na kumpa fundi wa Lamu afunge. Huokoa pesa mpaka siku kitu kinapoharibika, muuzaji aseme fundi kaunguza, naye fundi aseme kifaa kilikuja kibovu. Mimi napendelea mtu mmoja abebe lawama zote, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Nyumba yangu inahitaji paneli ngapi?

Chukua kalamu, na usihesabu siku ya kawaida. Hesabu siku ya Ramadhani, ambayo nyumba hailali tangu futari mpaka daku. Mfano:

Taa nane za LED za wati 8, saa 6: wati-saa 384. Feni tatu za wati 60, saa 9: 1,620. Friji ya kawaida, mchana na usiku: kama 1,000. Televisheni ya wati 80, saa 5: 400. Kifaa cha intaneti cha wati 10, saa 24: 240. Pampu ya maji ya wati 750, nusu saa: 375. Jumla ni wati-saa 4,019, yaani uniti 4, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Kama una mita ya KPLC, gawa uniti za mwezi kwa 30 uone kama hesabu yako inaelekea ukweli.

Upande wa jua, chukua saa 5 za jua kali kwa siku, kisha toa robo kwa ajili ya joto, vumbi, waya na inverta. Kila wati 1,000 za paneli zitakupa kama uniti 3.75. Paneli mbili za wati 550 zinatoa uniti 4 na chembe. Zinatosha wakati wa kaskazi, mbingu ikiwa safi. Masika yakifika utalala gizani, kwa hiyo mimi ningefunga tatu. Paneli ya ziada ni rahisi kuliko betri ya ziada, na watu wengi hufanya kinyume.

Na wakati wa Maulidi? Wageni kumi na feni sita? Hapo tumia stima ya KPLC. Usinunue sola ya mwaka mzima kwa ajili ya siku chache.

Mbona paneli ya wati 550 haitoi 550?

Wati hizo hupimwa maabara, chembe za paneli, yaani vile vipande vya ndani vinavyotoa umeme, zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa letu saa sita mchana zinaweza kufika nyuzi 60. Paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi, kwa hiyo zaidi ya wati 60 zimeshaondoka kabla hujawasha taa. Ndiyo maana paneli haifai kulazwa ikagusa bati. Iachie nafasi ya upana wa kiganja au zaidi, upepo upite chini yake.

Mono (chembe za fuwele moja) au poli (za fuwele nyingi)?

Mono. Poli unazokutana nazo sasa nyingi ni mzigo wa zamani.

Chumvi ya bahari inaharibu kweli, au mafundi wanatutisha?

Inaharibu, na hapa ndipo penye tofauti ya sola ya Lamu na sola ya Machakos. Aliyewahi kufunga baiskeli kwenye gati anajua.

Kwa paneli, uliza karatasi yake ioneshe imepita kipimo cha ukungu wa chumvi, IEC 61701, pamoja na vile vya kawaida vya ubora na usalama, IEC 61215 na IEC 61730. Fremu iwe ya alumini. Hayo ni mepesi, kampuni nyingi kubwa wanayo.

Kazi iko kwenye vinavyoishikilia. Reli ziwe alumini, bolti na nati ziwe chuma kisichoshika kutu, na katika hicho kuna daraja mbili utakazokutana nazo: 304, ambayo huandikwa A2, na 316, ambayo huandikwa A4. Karibu na bahari tunataka A4, na alama hiyo huwa imepigwa kwenye kichwa cha bolti. Mimi huenda na sumaku mfukoni. Ikinata kwa nguvu, ile ni bolti ya kawaida iliyopakwa tu. Alumini ikikutana na chuma cha kawaida kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, tena kwa haraka. Unaona unga mweupe kuzunguka tundu, halafu siku moja tundu limekuwa kubwa kuliko bolti.

Waya za juu ziwe za sola hasa, shaba yake ikiwa imepakwa bati, ganda likiwa la kustahimili jua. Viunganishi vya waya hizo, viitwavyo MC4, viwe vya kampuni moja dume na jike. Vya kampuni mbili huonekana vimeingiana, kumbe ndani vinacheza, vinapata moto. Visining'inie wala kulala juu ya paa ambapo maji hutuama. Inverta iwekwe ndani ya nyumba, si barazani wala darini penye upepo wa bahari, kwa sababu nyingi zina feni ndogo inayovuta hewa, na pamoja na hewa inavuta chumvi. Mahali pakavu pasipo joto, na si juu ya kitanda cha mtoto.

Nyumba yangu ni ya mawe, Mkomani. Paa litabeba?

Litabeba ukilielewa. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba kwa sababu ya boriti: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita tatu au pungufu. Juu yake pana mawe na chokaa, uzito ambao boriti zimeshauzoea, lakini hazikukusudiwa matofali ya saruji ambayo fundi wa mbali atapenda kupanga ili paneli isipeperuke na kusi. Miguu ya fremu isimame juu ya kuta, na reli zivuke kutoka ukuta hadi ukuta. Upana ule ule mdogo wa chumba unatusaidia hapa, reli haihitaji kuwa ndefu mno. Asitoboe chokaa katikati ya chumba. Maji yakiingia pale, boriti itaoza kimyakimya na utajua siku plasta ikianguka.

Mji wa Kale uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kabla ya kufunga, pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa uwaoneshe unachotaka kuweka na wapi. Paneli iliyolala chini ya ukingo wa paa haionekani na mtu, na kwa uzoefu wangu mazungumzo kabla ya kazi ni mafupi kuliko mazungumzo baada ya kazi.

Makuti ni habari nyingine. Usifunge paneli juu ya makuti, wala usipitishe waya za paneli ndani yake. Umeme wa paneli ni wa mkondo mmoja. Kiungio kikilegea, cheche zake hazizimiki kwa urahisi kama za stima ya ukutani, na jua likiwaka huwezi kuizima paneli yenyewe. Katika mji ambao makuti ya jirani yanagusa yako, hiyo si hatari yako peke yako. Paneli ziende kwenye bati la jikoni au sehemu ya paa iliyo wazi, na swichi ya kukata umeme wa paneli iwe mahali ambapo hata bibi anaweza kuifikia.

Kivuli nacho kitazamwe saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si saa sita tu. Kivuli cha mnazi kikifunika kipande kidogo cha paneli moja, kinaweza kuzivuta chini na wenzake zilizounganishwa nayo.

Paneli zielekee wapi?

Tuko kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu juu ya utosi mwaka mzima, kwa hiyo mwelekeo hauna uzito kama wanavyosoma watu kwenye video za Ulaya. Elekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10. Kaskazini kwa sababu kuanzia Aprili hadi Agosti jua liko upande huo, na huo ndio wakati wa mawingu tunapohitaji kila chembe. Mwinamo ni kwa ajili ya maji ya mvua yateremke na uchafu. Kwa paneli ya mita 2.28 iliyosimamishwa kwa urefu wake, ncha moja iwe juu ya nyingine kwa sentimita 40. Pima mwenyewe.

Betri ya lithiamu ni ghali mno. Za asidi au jeli hazifai?

Zinafaa kwa anayejua tabia yake. Betri ya asidi au jeli haitaki kunyonywa zaidi ya nusu. Turudi kwenye mfano wetu: usiku nyumba ile inakula kama uniti 3. Lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5 na kidogo, ukitumia asilimia 80 unapata 4, na unalala. Kwa jeli utahitaji ujazo wa uniti 6 angalau. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4, mbili hazitoshi, tatu hazipangiki kwenye mfumo wa volti 24, kwa hiyo unanunua nne. Sasa linganisha bei. Tena lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo ndiyo ya kuomba, huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka.

Betri za gari achana nazo. Zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache.

Nikiweka paneli bila betri, stima ikipotea nitakuwa na umeme?

La. Huu ndio mshangao mkubwa kuliko yote. Inverta inayoungana na gridi bila betri hujizima stima ikikatika, kwa makusudi, ili umeme wako usitoke nje ukamkute fundi wa KPLC juu ya nguzo. Mchana kweupe, jua linawaka, nyumba imezima. Anayetaka sola kwa sababu ya kukatika kwa stima anahitaji betri na inverta ya mseto, inayotumia paneli, betri na gridi kwa pamoja, na ufungaji wake ni kazi ya T3.

Naweza kupiga pasi? Na pampu?

Pasi hula wati 1,000 hadi 2,000. Piga saa sita mchana, nguo za wiki nzima mara moja, na inverta iwe ya kilowati 3 au zaidi. Pampu ina hila yake: wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya wati zake, kwa hiyo inverta ndogo itazima ingawa hesabu ya karatasi inakubali. Jaza tangi adhuhuri. Tangi lililojaa juu ya paa ni betri ambayo haichakai.

Maji ya moto ya kuoga sitayajibu. Hii ni Lamu.

Nitajuaje paneli si feki?

Nenda na futi. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 hadi 230 kwa kila mita mraba. Ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana wa mita 1.13, uzito karibu kilo 28. Ukioneshwa paneli ya mita moja kwa nusu mita iliyoandikwa wati 300, ile ni ya wati 100 iliyobandikwa karatasi. Betri ipime kwa mkono: jeli ya ampea-saa 200 hukaribia kilo 60. Kijana mmoja akiibeba begani huku anapiga stori, iulize maswali.

Kuzifikisha nyumbani je?

Paneli zisafiri zimesimama, zimefungwa pamoja, si kulazwa chini ya magunia ya saruji. Ufa mdogo ndani ya chembe hauonekani kwa macho, na paneli itafanya kazi mwaka mmoja kabla ya kuanza kudhoofu. Punda simshauri kwa vioo vya mita mbili; watu wawili na blanketi ni bora. Lakini kabla ya kununua pima ngazi zako. Nimeona paneli tatu zikivutwa kwa kamba kutoka Usita wa Mui hadi ghorofa ya pili, barabara nzima ikitoa maoni.

Nilipe vipi?

Kwa mafungu, na kwa karatasi. Karatasi itaje kampuni na aina ya kila kifaa. Maneno "paneli 3, betri 1" hayatoshi. Fungu la vifaa litolewe vikifika na ukishapiga picha namba zake, fungu la kazi ikimalizika, na asilimia kumi ibaki mkononi mwako kwa siku 30. Fundi mzuri atanung'unika, atakubali.

Siku ya makabidhiano zima swichi kuu ya KPLC saa moja usiku, washa kila unachotumia, mnywe chai pamoja mpaka isha. Kitu kikizima, kizime fundi akiwa hapo.

Sola inavuta radi?

Haivuti. Ila fremu na inverta ziwe na waya wa kuingia ardhini, ambao mafundi huuita athi, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Penye mchanga mkavu kama Shela nguzo ya shaba iingie ndani zaidi, mpaka ipate unyevu.

Nisafishe mara ngapi?

Wakati wa mvua, acha mvua ifanye. Kiangazi, kila wiki mbili tatu, alfajiri kabla kioo hakijapata moto, kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini. Maji ya kisima cha magadi huacha utando mweupe mbaya kuliko vumbi. Kunguru wanahitaji ratiba yao wenyewe, na sijapata dawa.

Umeme unaobaki naweza kuwauzia KPLC?

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ililifungulia mlango jambo hili, na kanuni zake zikaja mwaka 2024. Unachopata ni punguzo kwenye hesabu ya uniti zako, si pesa mkononi. Kwa nyumba ya paneli tatu na betri moja, kinachobaki mchana ni kidogo, na makaratasi ni mengi. Mimi changu kinachobaki nagandishia barafu. Kuanzia saa tisa watoto wa mtaa wanajua pa kugonga.